Barua Zilizotoka Mlimani

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wapatao 400 walizishika barabara za Dar es Salaam kuelekea Ikulu. Wengi wao walitoka Chuo Kikuu cha Mlimani, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wengine walitoka vyuo vingine vya mjini. Wale wa Mlimani walivaa majoho mekundu ya kitaaluma katika joto la Dar es Salaam la mwezi wa kumi. Mabango yao yalikuwa na maneno ambayo serikali ya nchi isiyotimiza hata miaka mitano ya uhuru isingeyasoma bila kuumia, likiwamo la kudai kwamba enzi ya mkoloni ilikuwa na nafuu. Na walikuwa wamebeba barua.

Chanzo chake kilikuwa Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi hilo lilianzishwa mwaka 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba waliomaliza kidato cha sita, vyuo na chuo kikuu watalitumikia taifa kwa lazima kwa miaka miwili. Miezi ya kwanza ingekuwa ya kambini, na iliyobaki kila mmoja angefanya kazi ya fani yake huku akipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Serikali ilisema msomi amesomeshwa kwa jasho la mkulima ambaye mtoto wake hajaiona hata shule ya msingi, kwa hiyo kurudisha kidogo si kuonewa. Wanafunzi walisema wanaohubiriwa kujinyima ni vijana, ilhali wahubiri wanapokea mishahara minono na kupanda magari ya serikali. Mtu akizisoma hoja hizo leo ataona kwamba kila upande ulikuwa na ukweli wake, na kila upande uliukunjia uso ukweli wa mwenzake.

Mwalimu Nyerere aliwapokea mwenyewe katika viwanja vya Ikulu, akiwa na mawaziri wake, akiwamo Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa. Barua ikasomwa kwa sauti mbele yake. Ilisomwa kwa Kiingereza, na majibu nayo yakatolewa kwa Kiingereza, hata askari wa kawaida aliyesimama pembeni asingejua vizuri wanabishania nini, ingawa waliokuwa wakibishana walikuwa wakizungumzia jasho la watu kama yeye. Barua haikuomba. Ilisema mpango huo usiporekebishwa wanafunzi hawataupokea kwa hiari. Miili yao ikichukuliwa kwa nguvu, roho zao zitabaki nje. Tena ilieleza mvutano kati ya wanasiasa na wasomi kama vita isiyo na mwisho.

Nyerere alisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu alianza kwa sauti ya chini, akasema amewaelewa, na kwamba hatamchukua mtu ambaye roho yake haimo. Kisha akalifikia jambo la mishahara, na hapo hasira ikampanda. Aliwakubalia kwamba mishahara ya wakubwa, pamoja na wake mwenyewe, ni mikubwa mno kwa nchi maskini. Wanafunzi wakashangilia. Akasema ataikata, na ataanza na wa kwake, kwa asilimia 20, kuanzia saa ile ile. Hapo baadhi ya waliokuwa wakishangilia wakageuka kupiga kelele za kukataa. Akamalizia kwa kuwaambia warudi makwao. Hakuwa na maana ya kurudi mabwenini. Polisi waliwasindikiza Mlimani kufungasha, wakapelekwa kila mtu mkoani kwake. Miongoni mwao alikuwamo mwanafunzi wa sheria Samuel Sitta, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge.

Habari hii husimuliwa sana kama kisa cha Rais mkali na wanafunzi wenye kiburi. Mimi naiona kwanza kama kisa cha barua iliyojibiwa. Kiongozi wa nchi alisimama mbele ya vijana wasiofikia miaka 25, wengi wao, akasikiliza kila neno walilomwandikia, akakubali nusu ya hoja yao hadharani na kuitekeleza siku ile ile. Mawaziri na watumishi wa ngazi za juu nao baadaye wakapunguziwa mishahara. Nusu nyingine aliikataa, na adhabu aliyotoa ilikuwa nzito kupita kosa. Kuwafukuza kwa mkupuo sehemu kubwa ya wanafunzi Watanzania wa chuo kikuu pekee cha nchi ni jambo ambalo siwezi kulitetea. Lakini hakuna aliyeondoka pale akisema hakusikilizwa.

Jioni ile chuo kilibaki na madarasa yaliyopwaya. Mkuu wa chuo, Dk. Wilbert Chagula, Mtanzania wa kwanza kushika nafasi hiyo, alibaki na wanafunzi wachache Watanzania, wenzao wa Kenya, Uganda na kwingineko, na wahadhiri ambao wengi walikuwa wageni kutoka ng'ambo. Walimu hao walijikuta mbele ya swali ambalo hawakuwa wamelitia katika mitaala yao: wamekuwa wakifundisha nini hata vijana wa wakulima, ndani ya miaka mitano, wajione tabaka lililo mbali na baba zao? Chuo kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 15, katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, jengo lililotokana na michango ya wanachama. Mwaka 1964 kilihamia kilimani, kilomita nyingi nje ya mji wa wakati huo, mahali penye upepo na majengo mazuri. Umbali huo haukuwa wa barabara peke yake.

Mwezi Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea. Machi ikatoka Elimu ya Kujitegemea, andiko la Nyerere juu ya elimu. Mwezi huo huo wa Machi, kuanzia tarehe 11 hadi 13, Mlimani ukaitishwa mkutano wa kujadili nafasi ya chuo kikuu katika Tanzania ya kijamaa. Wahadhiri, viongozi wa serikali na wa chama walikaa pamoja wakabishana juu ya mambo ambayo kwa kawaida huachiwa kamati za wasomi: kozi zipi zifundishwe, kwa mpangilio gani, na mwanafunzi wa sheria au wa historia ajue nini kuhusu uchumi wa kijiji. Kulikuwa na waliotaka mtaala wote ubomolewe ujengwe upya, na kulikuwa na walioona kwamba hiyo ni kuua usomi kwa jina la siasa. Ubishi huo haukuisha katika siku zile tatu. Ulidumu miaka mingi, ukazaa masomo ya pamoja yaliyowalazimu wanafunzi kusoma jamii ya Afrika Mashariki kama kitu kimoja, badala ya kila fani kujifungia chumbani mwake, na mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, iliyofundisha wanafunzi wa kila fani. Wanafunzi wengi waliofukuzwa walirudishwa mwaka 1967. Walirudi kwenye chuo ambacho hakikuwa kile walichokiacha.

Miaka minne iliyofuata ndiyo ninayoiona kuwa na utajiri mkubwa kuliko yote katika historia ya Mlimani. Msukosuko ulikuwa haujatoka, ila uligeuka kuwa darasa. Mwishoni mwa 1967 wanafunzi wa mrengo wa kushoto walianzisha chama walichokiita USARF, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Yoweri Museveni kutoka Uganda. Walikuwa na madarasa yao ya Jumapili, yasiyo na mtihani wala cheti, ambamo walisoma na kubishana juu ya vitabu ambavyo havikuwamo katika orodha ya kozi. Walimu waliwafuata huko. Mmoja wao alikuwa Walter Rodney wa Guyana, mwanahistoria aliyefika Mlimani kwa mara ya kwanza mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 24, akaondoka kwenda Jamaika, akapigwa marufuku huko mwaka 1968, kisha akarudi Dar es Salaam mwaka 1969 na kukaa hadi 1974. Kitabu chake kilichomtangaza duniani, kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoididimiza Afrika, kilitoka mwaka 1972, na mmoja wa wachapishaji wake alikuwa Tanzania Publishing House ya hapa hapa mjini.

Desemba 1969 Rodney alitoa mada katika semina ya vijana iliyofanyika Mlimani. Alizungumzia mapinduzi ambayo bado hayajafanyika, na maneno yake yaligusa serikali za Afrika zilizokuwa madarakani. Siku chache baadaye The Nationalist, gazeti la TANU, lilimshambulia katika tahariri kali iliyoyaita maneno ya namna hiyo porojo za kimapinduzi. Rodney hakunyamaza, wala hakukimbia. Aliandika barua kwa gazeti hilo hilo, akaeleza alichokisema na ambacho hakukisema, akakubali pale alipoona lugha yake ilivuka mpaka wa mgeni katika nchi ya watu. Barua ikachapishwa. Akaendelea kufundisha mpaka 1974. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini hebu tufikirie: mhadhiri wa kigeni amegombezwa na gazeti la chama tawala, amejibu kwa jina lake katika gazeti lile lile, na Jumatatu ameingia darasani kama kawaida. Si katika kila nchi ya Afrika ya mwaka 1969 ambako hilo liliwezekana.

Mwezi mmoja kabla ya semina hiyo, Novemba 1969, wanafunzi wa USARF walitoa jarida waliloliita Cheche. Wahariri wake walikuwa wanafunzi watatu, Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Inafaa kutulia kidogo hapa na kulitazama jarida lenyewe, kwa sababu kazi ya mikono iliyoingia humo ni sehemu ya habari. Cheche halikupigwa chapa kiwandani. Makala ilichapwa kwa taipureta juu ya stensili, karatasi laini iliyopakwa nta. Utepe wa wino uliondolewa njiani ili chuma cha herufi kigonge nta moja kwa moja na kuitoboa. Ukikosea herufi, unapaka dawa ya kuzibia, unasubiri ikauke, unapiga tena juu yake. Ukikosea mara nyingi karatasi inachanika na ukurasa mzima unaanza upya. Stensili ilivishwa kwenye ngoma ya mashine ya kurudufu, mkono unazungusha, wino unapenya kwenye matundu ya herufi, karatasi zinatoka moja moja zikiwa bado mbichi. Baada ya hapo zilipangwa kwa mkono, ukurasa wa kwanza juu ya wa pili, wa pili juu ya wa tatu, nakala baada ya nakala, kisha zikabanwa kwa pini. Mtu anayetumia usiku kucha kupanga kurasa za mwenzake huwa amezisoma. Nafikiri hapo ndipo wengi wao walipojifunza kuandika, kwa sababu hakuna mhadhara unaokufundisha kufuta neno lisilo na kazi kama stensili inavyokufundisha.

Septemba 1970 toleo maalumu la Cheche lilibeba makala ndefu ya mwanafunzi wa sheria aliyekuwa amemaliza tu masomo yake, Issa Shivji. Ilihusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimya kimya ndani ya Tanzania yenyewe, na ilisema kwamba kutaifisha benki na viwanda hakujaondoa mkono wa makampuni ya nje, tena kumezaa wakubwa wapya. Makala ile ilisomwa kupita mipaka ya chuo. Tarehe 9 Novemba 1970 jarida na USARF vyote vikapigwa marufuku. Sababu zilizotolewa zilikuwa kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha kuwa jukwaa la wanafunzi, na kwamba jina Cheche linaleta sura ya itikadi ya kuazima kutoka nje. Wanafunzi walitoa toleo la mwisho lenye maelezo yao, wakavunja chama kwa utii ambao hata sasa unanishangaza. Muda si mrefu tawi la Umoja wa Vijana hapo chuoni likaanzisha jarida lake, MajiMaji, na kalamu nyingi za Cheche zikahamia humo.

Kufikia hapo chuo kilikuwa chuo kikuu kamili. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, na tarehe 1 Julai 1970 Mlimani ikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Rais akiwa Mkuu wa Chuo na Pius Msekwa, aliyetoka kuwa mtendaji mkuu wa TANU, akiwa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza. Uongozi ulikuwa umekaribia chama zaidi. Ungetazamia kwamba mazungumzo yangekuwa mepesi. Haikuwa hivyo.

Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao katika aya yake ya 15 ulikemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi viwandani waliikariri aya hiyo, na wanafunzi nao hali kadhalika. Julai mwaka huo rais wa chama cha wanafunzi, DUSO, Symonds Akivaga kutoka Kenya, akaandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Aliulalamikia utawala kwa kuamua mambo bila kuwashirikisha wanaohusika, na aliuhukumu kwa maneno ya chama chenyewe. Jibu halikuja kwa karatasi wala kwa mkutano. Akivaga alisimamishwa masomo, na askari wenye silaha wa FFU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, wakaingia chuoni wakamwondoa kwa nguvu mbele ya wenzake.

Wanafunzi waligoma kuingia madarasani. Lakini jambo ambalo wengi walioshuhudia wameliandika ni kwamba siku zile chuo kilizungumza kuliko siku yoyote ya masomo. Mikutano ilifanyika, wanafunzi wakajieleza, wahadhiri wakaitisha mikutano yao, na kwa mara ya kwanza swali la nani mwenye chuo likajadiliwa na kila aliye ndani yake, mpaka wafanyakazi wa kawaida. Kutokana na mvutano ule, nafasi ya wanafunzi na wahadhiri katika vikao vya maamuzi ilipanuliwa. Barua ya Akivaga ilijibiwa na askari kwanza; jamii ya chuo ikaijibu baadaye kwa njia nyingine.

Nikilinganisha 1966 na 1971 naona tofauti moja ambayo hainitoki akilini. Mwaka 1966 wenye barua waliadhibiwa baada ya kusikilizwa. Mwaka 1971 adhabu ilitangulia. Miaka iliyofuata ilishika mtindo wa pili.

Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilibadilisha njia ya kuingia chuo kikuu: kijana wa kidato cha sita alipaswa kwanza kufanya kazi miaka miwili na kupata mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Lengo lilikuwa kupata wanafunzi waliokwisha kuonja maisha ya wananchi. Kwa kiasi fulani lilitimia, ila wasichana waliumia, kwa kuwa wengi waliotoka shule kwenda kazini hawakurudi tena, na baada ya muda sharti hilo likabidi lilegezwe kwao. Waliotazamia kwamba wanafunzi watu wazima wangekuwa watulivu hawakuona sawa. Jumapili ya tarehe 5 Machi 1978, wanafunzi wa Mlimani pamoja na wa vyuo jirani waliteremka kuelekea mjini kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Ni hoja ile ile ya 1966, na mara hii hawakuwa wakijitetea wao wenyewe. Walikuwa wakiyatetea maneno ya Azimio la Arusha. Polisi waliwazuia njiani, wakapigwa, na mamia wakafukuzwa chuo. Baadaye walisamehewa. DUSO ilivunjwa, na mahali pake pakaja MUWATA, jumuiya ya wanafunzi iliyofungamana na chama. Kuanzia hapo mwanafunzi mwenye manung'uniko alitakiwa kuyapeleka kwa kiongozi ambaye naye anawajibika kwa wale wale wanaonung'unikiwa.

Hivyo manung'uniko yakahamia ukutani.

Mlimani palikuwa na desturi ya maandishi ya usiku iliyojulikana kama Mzee Punch. Asubuhi watu waliyakuta yamebandikwa ukutani, bila jina la mwandishi: michoro, kejeli, siri za watu, shutuma kwa utawala. Wapo wanaoikumbuka desturi hiyo kwa mapenzi, kama uwanja pekee uliobaki huru katika miaka ya chama kimoja. Nawaelewa. Ila karatasi isiyo na jina haimchagui mnyonge na mwenye nguvu. Ilimshambulia waziri, na ilimshambulia pia msichana wa mwaka wa kwanza aliyemkataa mwanamume. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kunyanyaswa na wanafunzi wa kiume na kutishiwa aibu ya ukutani. Waandishi wa habari wanawake walilishika jambo hilo na kulipigia kelele nchi nzima, wakati ndani ya chuo wengi walikuwa hawajui hata waseme nini. Mzee Punch alipigwa marufuku mwaka huo. Kwangu mimi hiki ndicho kipindi kigumu zaidi katika historia nzima ninayoisimulia, maana walioshindwa kumsikia binti yule hawakuwa Ikulu. Walilala bweni la jirani.

Mwaka huo wa 1990 chuo kilikuwa kimechoka. Muongo mzima wa mdororo wa uchumi, na masharti ya kubana matumizi yaliyoandamana na mikopo ya nje, ulikuwa umekausha maktaba, umebana vyumba na chakula, na kufanya mshahara wa mhadhiri usifike katikati ya mwezi. Wengine walikwenda kufundisha kusini mwa Afrika. Waliobaki walifanya jambo la heshima kubwa: Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu zilikutana na kupitisha Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa wasomi kwa jamii. Liliandikwa kwa utulivu, likaeleza haki ya kufundisha, kutafiti na kutoa maoni bila hofu, na likawabana pia wasomi wenyewe wasiukimbie wajibu wao. Novemba mwaka huo huo wasomi wa Afrika walikutana Kampala wakatoa la bara zima.

Katikati ya maazimio hayo mawili chuo kilifungwa. Wanafunzi walikuwa wakigomea masomo; walitaka Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo, aje Mlimani asikilize shida zao. Tunaweza kulitazama ombi hilo tukikumbuka 1966. Wale wa zamani walimfuata Rais wakampata nyumbani kwake. Hawa walimwita aje kwao. Walichotaka hasa ni kikao. Kilichokuja ni tangazo. Tarehe 12 Mei 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa, na matusi yaliyoandikwa na kubandikwa chuoni dhidi ya viongozi yakawa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Aliyerudishwa kwao Kigoma au Songea alitegemea Radio Tanzania na gazeti lililofika kwa kuchelewa ili ajue kama bado ni mwanafunzi. Hakuna kozi iliyotumwa kwa posta, hakuna mwalimu aliyekuwa na njia ya kumfikia. Chuo hakikufunguliwa mpaka Januari 1991. Ni zaidi ya miezi saba na nusu. Ubishi wa 1966 ulizaa mkutano wa kujadili mtaala ndani ya muda mfupi kuliko huo.

Yaliyofuata yalibadili mambo kadhaa kwa pamoja. Wanafunzi walipata jumuiya yao mpya, DARUSO, isiyokuwa mkono wa chama. Mwaka 1992 nchi ikarudi kwenye mfumo wa vyama vingi. Mwaka 1993 Mkuu wa Chuo hakuwa tena Rais wa nchi, bali Paul Bomani, na tangu hapo mgomo wa wanafunzi haukuwa moja kwa moja ugomvi na mkuu wa dola. Naye Geoffrey Mmari, Makamu Mkuu wa Chuo wa miaka ile migumu ya 1988 hadi 1991, alikwenda kukijenga Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994. Ni chuo kisichokuwa na bweni la kufungwa. Mwalimu na mwanafunzi wake walikuwa mbali tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kilibidi kijifunze mapema namna ya kufundisha kwa maandishi, kwa vituo vya mikoani, na baadaye kwa mtandao.

Migomo haikukoma, ila sababu zake zilihamia kwenye fedha. Sera ya kuchangia gharama ilianza miaka ya 1990, Bodi ya Mikopo ikaanza kazi mwaka 2005, na mwaka 2007 wanafunzi wa Mlimani walirudishwa nyumbani baada ya kugomea kulipa asilimia 40 ya ada. Mwaka 2008 vyuo kadhaa vya umma vilifungwa kwa mgogoro wa aina hiyo hiyo. Sina mengi ya kusema juu ya migogoro hiyo zaidi ya kwamba kila mara njia ilikuwa ile ya 1990: mgomo, tangazo, mabegi, stendi ya mabasi.

Ndipo ukaja ugonjwa. Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifunga shule, na tarehe 18 vyuo vikuu vikafuata. Safari hii hakukuwa na mgomo wala mtu wa kulaumiwa, na tangazo liliwafikia wanafunzi kwenye simu zao kabla walimu hawajatoka madarasani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mfumo wa kufundishia mtandaoni kwa miaka zaidi ya kumi. Katika vyuo vingi vya umma, hata hivyo, masomo yalisimama. Mfumo ulikuwapo kwenye kompyuta. Mazoea ya kuutumia hayakuwapo, na kifurushi cha intaneti kilikuwa juu ya uwezo wa mwanafunzi aliyerudi kijijini bila bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu. Kilichofanya kazi kilikuwa makundi ya WhatsApp ya madarasa, yanayoendeshwa na wanafunzi viongozi wa madarasa hayo, kijana mmoja akimuuliza mhadhiri na kuwapelekea wenzake mia mbili jibu lake. Hapakuwa na azimio lililoyaanzisha, na hakuna kumbukumbu rasmi inayoyaorodhesha, lakini yeyote aliyefundisha au kusoma mwaka ule anajua kwamba chuo kilikaa humo.

Vyuo vilifunguliwa Jumatatu ya tarehe 1 Juni 2020. Ratiba zilibanwa kufidia miezi miwili na nusu, ndoo za maji na sabuni zikawekwa kwenye milango ya kumbi za mihadhara, na wahadhiri wakaanza kwa kuuliza nani amefika, nani bado, na nani ana habari zake.